Shika Kwanza, Ziba Baadaye

Wazee wa visiwa vya Wabajuni waliunda mitepe bila msumari. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi, zikakazwa, kisha ndipo matundu yakazibwa. Hakuna fundi aliyetegemea kizibo kishike ubao. Leo mtepe hauko tena baharini, lakini somo lake lingali lafaa huko Kizingitini, kisiwani Pate, kwa wavuvi waendao kwa mashine.

Mashine yenye stata huwashwa kwa betri, na umeme wa betri hupita katika waya nene. Hewa ya chumvi haina huruma: nyuzi za shaba zilizosokotwa ovyo na kuviringwa utepe huota kutu ya kijani. Hesabu yake ni hii. Stata ikivuta ampea 100, na kiungo kikiwa na upinzani wa sehemu moja tu ya mia ya ohm, volti 1 kati ya 12 hupotea, na joto la wati 100 huzaliwa pale pale. Mashine yaweza kukataa kuwaka, na mvuvi yuko nje ya mwamba, usiku, upepo waanza kugeuka.

Basi fundi mwema hufanyaje? Hukwangua shaba mpaka ing'ae. Huzipitanisha nyuzi za upande huu na huu, akazikaza kwa waya nyembamba, hata kiungo kikivutwa hakitelezi. Hapo ndipo huja risasi iliyochanganywa na bati. Waya nene hunyonya joto, hivyo chuma kidogo cha kulehemu hakifui dafu. Hupasha shaba, si risasi. Shaba ikishika moto, risasi huyeyuka yenyewe, kwenye digrii 190 hivi za Sentigredi, ikanywewa ndani. Ikisimama juu kama tone la nta, kazi ni bure. Dawa ya kulehemu iwe ya utomvu. Yenye tindikali huila shaba baadaye.

Kisha hufunika kiungo na kufunga waya ubavuni mwa chombo, maana risasi huzifanya nyuzi kuwa ngumu, na mtikiso huzikata pale ngumu inapokutana na laini.

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Baharini hakuna ukuta wa kujenga. Kiungo hujificha chini ya mbao, mwenye chombo hakioni. Akijuaye ni fundi na Mola wake. Hiyo ndiyo amana.