Kutoka Usukani hadi Angani: Maisha ya Bruno Büchner

Utangulizi

Maneno dereva na rubani hutaja leo watu wawili tofauti: mmoja huendesha gari, mwingine hurusha ndege. Mwanzoni mwa karne ya 20, hata hivyo, kazi hizo zilikutana mara nyingi katika mtu mmoja. Aliyezoea injini na kasi katika mbio za magari ndiye aliyethubutu kuruka, na vita vilipozuka mwaka 1914 ndiye aliyehitajiwa na jeshi. Katika Afrika Mashariki mfano wake ni Mjerumani Bruno Büchner (1871–1943).

Kutoka mbio hadi vita

Büchner alianza katika mbio za baiskeli, kisha akaingia katika mbio za magari. Baadaye alijifunza urubani, na mwaka 1911 akashiriki mashindano ya kuizunguka Ujerumani kwa ndege. Mwaka 1914 alifika Afrika ya Kusini-Magharibi, yaani Namibia ya leo, kisha Dar es Salaam. Mji huo ulikuwa ukijiandaa kwa maonyesho ya mwezi Agosti, ya kusherehekea reli ya kati iliyokuwa imefika Kigoma.

Maonyesho hayakufanyika, kwani Vita Vikuu vya Kwanza vilianza. Ndege ya Büchner, iliyokuwa ya pekee katika koloni zima, ilichukuliwa na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck ili itumike kwa upelelezi. Hivyo mwanamichezo akageuka kuwa rubani wa kijeshi. Lakini manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, wala hapakuwa na njia rahisi ya kupata vipuri. Ndege hiyo ilipoanguka, hapakuwa na ya kuchukua nafasi yake.

Waingereza nao walianza na rubani wa kiraia, H. D. Cutler, ambaye mnamo Novemba 1914 aliigundua manowari ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji. Tofauti ni kwamba wao waliweza kuleta ndege nyingine kwa meli. Tarehe 11 Julai 1915, ndege zilizoruka kutoka Mafia zilielekeza mizinga iliyoiangamiza manowari hiyo. Ni dhahiri kwamba ujasiri wa rubani mmoja haukutosha. Aliyetawala bahari ndiye aliyetawala anga.

Baada ya vita Büchner aliendesha nyumba ya wageni huko Obersalzberg, milimani kusini mwa Ujerumani. Adolf Hitler alifikia hapo mwaka 1923. Mwaka 1936 utawala wa Hitler huyo huyo ulimwondoa Büchner katika mali yake.

Ndege na rubani katika lugha

Kiswahili kilikipokea chombo hicho kipya kwa kupanua maana za maneno yaliyokuwapo. Rubani, neno lenye asili ya Kiarabu, alikuwa kwanza mwongozaji wa chombo baharini, akapandishwa angani. Ndege naye alikuwa kiumbe mwenye mbawa. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha maana hizo: “ndege ametua” ni kiumbe, “ndege imetua” ni chombo.

Hitimisho

Jina la Büchner limehifadhiwa kwa sababu alikuwa na mashine. Walio wengi katika vita hivyo hawakuwa nayo. Wapagazi kwa maelfu, wakiwamo Wameru na Waembu, walibeba vyakula na risasi vichwani, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Kumbukumbu yao imo katika majina Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, yaliyotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Majina yao wenyewe ni machache mno yanayojulikana. Gakoromone na vitongoji vingine vya Meru huenda bado vina wajukuu na vitukuu waliorithi masimulizi hayo. Kuyakusanya na kuyaandika kwa Kiswahili ni kazi inayowangoja wanafunzi wa fasihi simulizi, kabla warithi hao nao hawajaondoka.