Vumbi Lionekanalo na Moshi Usioonekana

Kila mwaka ifikapo Desemba, mbingu ya West Nile hubadilika rangi. Mlima Wati, ambao wakati wa mvua huonekana kutoka mbali, hufichwa na utusitusi mkavu unaotanda toka Arua hadi Koboko. Wengi husema ni vumbi la kiangazi, na yaishe. Lakini ndani ya utusitusi huo mna vitu viwili, na kisichoonekana ndicho chenye madhara makubwa zaidi.

Kitu cha kwanza ni vumbi. Hilo hutimuliwa na magari katika barabara za udongo, na jingine huletwa na upepo wa kaskazini-mashariki. Vumbi nene huudhi macho, lakini sehemu yake kubwa hunaswa puani na kooni, likatolewa kwa kikohozi.

Kitu cha pili ni moshi wa nyasi zichomwazo, wa kuni na makaa, wa tanuri za matofali na wa injini za dizeli. Chembe zake nyingi hazifiki mikromita 2.5, ilhali unywele wa mwanadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Kwa udogo huo, chembe hizo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Ndiyo sababu moshi huleta si kikohozi tu, bali pia maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Kitambaa kifungwacho mdomoni huzuia mchanga, moshi hukipita.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu, pamoja na moshi wa jikoni, huua watu wapatao milioni 7 kila mwaka. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango cha chembe hizo kinachopendekezwa, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita ya ujazo, kwa wastani wa mwaka. Hapa Uganda, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walianza mwaka 2015 mradi wa kuunda vyombo vya kupimia hewa ya miji.

Askari anahusika kwa namna ya pekee. Usiku hewa baridi hutulia karibu na ardhi na kuushikilia moshi chini, hata alfajiri ikawa saa mbaya mno. Saa hiyo ndiyo ya mazoezi. Mtu aliyepumzika huvuta lita 8 hivi za hewa kwa dakika; akikimbia kwa nguvu huweza kupita lita 50.

Tangu mwaka 1974 Uganda ina sheria inayokataza kuchoma nyasi bila idhini na usimamizi wa wakuu wanaohusika. Wengi huidhani sheria ya kulinda malisho peke yake. Kwa hakika hulinda pia pumzi za watu. Mkulima na mwindaji wana sababu zao za kuwasha moto, kwa hiyo polisi atakayewaeleza madhara yake atasikilizwa kuliko yule anayekamata tu.

Hata hivyo, maelezo hayo hayatakuwa na uzito ikiwa jioni majani yaliyofyekwa na takataka huchomwa nyuma ya nyumba za askari, ambako watoto wao wamelala. Shimo la kuozesha majani huchimbwa kwa siku moja, na utii wa sheria huanzia kambini.