Orodha ya vyuo iliyopitwa na wakati humponza mwanafunzi

MWANAFUNZI anayetaka kusomea digrii akiwa nyumbani au kazini aghalabu huanza kwa kufungua mwongozo wa vyuo vinavyotoa elimu ya masafa. Hana nafasi ya kuliona lango la chuo, maktaba wala madarasa. Jina, anwani na karo zilizoorodheshwa humo ndizo nguzo yake. Iwapo maelezo hayo yamepitwa na wakati, huenda akalipa karo kwa miaka minne, kisha akaelezwa na mwajiri kwamba shahada yake haitambuliwi.

Mambo matatu hubadilika upesi katika orodha hizo: jina la chuo, hadhi yake kisheria na kozi zake.

Mabadiliko ya jina si suala la ubao wa langoni tu. Kenya Polytechnic iligeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mnamo 2007, kabla ya kupata hati ya kujitegemea 2013 na kuitwa Technical University of Kenya. Kwa hivyo, aliyebadilika pia ni mwenye mamlaka ya kutoa shahada. Nchini Marekani, Kaplan University, iliyovuma kwa masomo ya intaneti, ilichukua jina la Purdue University Global mnamo 2018. Argosy University nayo ilifungwa Machi 2019, muhula ukiwa ungali unaendelea. Mwongozo uliochapishwa 2018 na kuachwa bila kukaguliwa humwelekeza msomaji kwenye mlango uliokwisha kufungwa.

Kuhusu hadhi, Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliipa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) jukumu la kuidhinisha vyuo vikuu humu nchini. Kuna vyuo vyenye hati kamili na vingine vyenye barua ya idhini ya muda, na idhini inaweza kubatilishwa. Tanzania ina Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), nayo Uganda ina Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu (NCHE).

Aidha, orodha hukosea kwa kuacha yaliyo mapya. Open University of Kenya, yenye makao yake Konza, ilipewa hati Agosti 2023. Mwongozo wa kabla ya hapo humnyima msomaji habari za chuo cha umma kilichoanzishwa mahususi kwa elimu ya masafa.

Hata chuo kinapokuwa halali, si lazima kila kozi yake iwe imeidhinishwa. Anayelenga uanasheria, uhandisi au uuguzi anapaswa pia kufahamu msimamo wa bodi inayowasajili wanataaluma hao.

Hatari kubwa zaidi ni vyuo bandia. Mnamo Mei 2015, gazeti la The New York Times lilifichua jinsi kampuni ya Axact ya Pakistan ilivyouza shahada kupitia mamia ya tovuti. Baadhi ya vyuo hivyo vilibuniwa majina yanayokaribiana na ya vyuo maarufu, kama vile Columbiana na Barkley. Mtayarishaji anayenakili majina bila kuyachunguza huwapa matapeli hadhi wasiyostahili.

Ndiposa kazi ya kuandaa mwongozo haimaliziki siku unapochapishwa. Kila jina lafaa kulinganishwa na orodha ya shirika linalodhibiti vyuo katika nchi husika, wala si tangazo la chuo chenyewe. Tarehe ya ukaguzi iandikwe kando ya kila chuo. Jina la zamani libakizwe karibu na jipya, ili mwenye cheti cha kale asidhaniwe kuwa mwongo. Chuo kilichofungwa nacho kisifutwe kimyakimya. Ielezwe kilifungwa lini na rekodi za wanafunzi zilihifadhiwa wapi, maana wahitimu wake wangali wanaombwa nakala za matokeo.

Mwanafunzi naye asiutegemee mwongozo peke yake. Kabla ya kulipa karo, aulizie kwa mdhibiti iwapo chuo kimeidhinishwa, kozi anayoitaka imekubaliwa na shahada itatolewa kwa jina la nani. Kuuliza si ujinga, hasa pale akiba ya familia nzima inapohusika.