John Peel: Shabiki aliyezifungulia mlango bendi chipukizi

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza, walinena wahenga. Lau methali hiyo ingekuwa kweli katika ulimwengu wa muziki, pasingekuwa na haja ya mtu kama John Peel. Santuri nzuri isiyopigwa redioni haijiuzi. Hubaki ndani ya maboksi chini ya kitanda cha aliyeirekodi hadi vumbi liimeze.

Mwaka wa 1978, vijana watano wa mji wa Derry, Ireland Kaskazini, waliokuwa wakijiita The Undertones, walirekodi santuri ndogo yenye nyimbo nne. Aliyeitoa ni Terri Hooley, mwenye duka la santuri mjini Belfast na kampuni ndogo aliyoiita Good Vibrations. Nyakati hizo Belfast ilikuwa mji wa mabomu na vizuizi vya wanajeshi, na haikuwa rahisi mtu kuwashawishi mabwana wa London kwamba kuna muziki wa maana huko. Hooley alibeba nakala zake hadi London akabisha hodi katika kampuni kubwa. Hakuna iliyomtaka. Hata hivyo, nakala moja ilimfikia mtangazaji wa BBC Radio 1 aliyekuwa akirusha matangazo yake usiku.

Mwezi wa Septemba, Peel aliupiga wimbo wa kwanza, Teenage Kicks. Ulipokwisha, alifanya jambo ambalo watangazaji hawalifanyi: aliurudia papo hapo. Seymour Stein, mkuu wa kampuni ya Sire ya Marekani, alikuwa ndani ya gari akisikiliza kipindi hicho, naye hakukawia kumtuma mtu Derry. Baada ya majuma machache tu, vijana wale walikuwa na mkataba na walionekana kwenye televisheni ya taifa. Hadi alipofariki, Peel alishikilia kwamba hakuna wimbo aliowahi kuupenda kuliko huo.

Jina lake halisi lilikuwa John Ravenscroft. Alizaliwa mwaka wa 1939 huko Heswall, karibu na Liverpool, mwana wa mfanyabiashara wa pamba. Mwaka wa 1960 alivuka bahari hadi Texas, Marekani, na huko ndiko alikoingia katika utangazaji. Aliporudi nyumbani mwaka wa 1967 alitangaza katika Radio London, stesheni isiyokuwa na kibali iliyorusha matangazo kutoka melini, nje ya mipaka ya Uingereza. Serikali iliponyamazisha redio hizo mwaka uo huo, BBC ilianzisha Radio 1, na Peel alikuwamo tangu mwanzo. Wenzake wa siku hizo waliondoka mmoja baada ya mwingine. Yeye alibaki miaka 37.

Muziki aliokuja kuhusishwa nao zaidi huitwa indie, neno lililofupishwa kutokana na lile la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea. Mwanzoni neno hilo halikuwa na uhusiano wowote na mdundo au mtindo wa gitaa. Lilieleza tu ni nani aliyelipia santuri. Mnamo Januari 1977, bendi ya Buzzcocks ya Manchester ilikopa pauni 500 kutoka kwa marafiki na jamaa, ikachapisha nakala 1,000 za santuri ndogo ya Spiral Scratch bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote. Hatimaye ziliuzwa takriban nakala 16,000. Bendi nyingine, Scritti Politti, iliandika kwenye jalada la santuri yake ya kwanza gharama zote za kuitengeneza, ili kila kijana mwenye gitaa ajue kwamba siri haipo. Muziki ukawa umeshuka bei. Kilichosalia ni nani angeusikiliza.

Hapo ndipo shabiki huyu alipokuwa na faida. Kila juma posta ilimletea kanda na santuri kwa magunia, nyingi zikiwa zimerekodiwa vyumbani na watu wasiojulikana hata mtaani mwao. Peel alizisikiliza, mara nyingi ndani ya gari akitoka nyumbani kwake Suffolk kwenda London. Hakuwa mwanamuziki wala hakumiliki ustadi wowote wa kujivunia mitambo. Mara kwa mara alizipiga santuri kwa kasi isiyofaa na kuomba radhi hewani. Alichokuwa nacho ni hamu ya kusikia kitu ambacho hajawahi kukisikia.

Lakini hamu peke yake haizalishi chochote, na ni vyema kueleza jinsi ilivyopata mahali pa kufanyia kazi. Chama cha wanamuziki na kampuni za santuri za Uingereza zilikuwa zimeibana BBC kwa makubaliano yaliyowekea kikomo saa za kupiga santuri kila siku, kwa hofu kwamba santuri zingewanyima wapigaji ala riziki. Ili kuziba pengo, vipindi vingine vilitumia okestra zilizoiga nyimbo zilizovuma. Peel na produsa wake, John Walters, waliutumia mwanya huo kuziita studioni bendi ambazo hazikuwa na mkataba.

Bendi ilifika na ala zake katika studio za Maida Vale, London, na kwa siku moja ilirekodi na kukamilisha nyimbo nne hivi. Peel mwenyewe kwa kawaida hakuwepo. Wanamuziki walilipwa ada iliyokubaliwa na chama chao, na kwa wengi wao hayo yalikuwa malipo ya kwanza ya maana. Kisha nyimbo zilirushwa nchi nzima. Kufikia mwaka wa 2004, rekodi za aina hiyo zilikuwa zimepita 4,000, za wasanii zaidi ya 2,000. Bendi ya The Fall ya Manchester peke yake iliitwa mara 24.

Haya hayamaanishi kwamba kila aliyealikwa alitajirika. Mwaka wa 1981, Jarvis Cocker, kijana ambaye alikuwa bado hajafikisha miaka 20, alimkabidhi Peel kanda mjini Sheffield, na bendi yake ya Pulp ikaalikwa studioni mwaka huo huo. Sifa kubwa ilimfikia mwaka wa 1995. Kwa hivyo shabiki alikuwa ametangulia soko kwa miaka 14, jambo linalotosha kuonyesha kwamba sikio lake halikuwa likitafuta faida ya kesho.

Wengine walitumia mbinu za jikoni. Mwaka wa 1983, Billy Bragg alimsikia Peel akisema hewani kwamba njaa inamuuma na angetoa chochote apate biriani ya uyoga. Bragg alikimbilia mkahawa, akanunua sahani ya biriani na kuipeleka BBC pamoja na santuri yake. Ilipigwa usiku huo, kwa kasi isiyofaa kama ada. Peel alieleza kwamba angeipiga hata bila biriani, na hakuna sababu ya kumshuku, ingawa wapwani watakubali kwamba biriani haijawahi kuharibu kesi ya mtu.

Masikio hayo hayakuishia Ulaya. Miaka ya 1980, Peel na mtangazaji mwenzake Andy Kershaw waliipenda mno bendi ya Bhundu Boys kutoka Zimbabwe, na inasimuliwa kwamba Peel alitokwa na machozi alipoiona jukwaani mara ya kwanza. Magitaa hayo yangetambulika upesi Nyanza. Katika miaka ya 1970, santuri za benga zilizotolewa na Mkenya Phares Oluoch Kanindo zilipendwa sana kusini mwa Afrika, hivi kwamba nchini Zimbabwe mtindo mzima uliitwa kanindo, nao ulichangia kuumba muziki wa gitaa wa nchi hiyo. Peel alipotimiza miaka 50 mwaka wa 1989, waliotumbuiza katika sherehe yake walikuwa Wazimbabwe wengine, Four Brothers.

Hata hivyo, mapenzi ya shabiki yana mpaka wake. Bhundu Boys walipanda jukwaa la Wembley mwaka wa 1987 wakimtangulia Madonna, wakachukuliwa na kampuni kubwa, na santuri waliyoitoa huko ikakosa wanunuzi. David Mankaba alifariki mwaka wa 1991 kutokana na Ukimwi. Biggie Tembo, aliyekuwa sauti ya bendi, alitengwa na wenzake na kufariki mwaka wa 1995. Redio ilikuwa imewafungulia mlango. Kuwalinda walipokwisha ingia hakukuwa katika uwezo wake.

Peel alifariki Oktoba 25, 2004 mjini Cusco, Peru, kwa mshtuko wa moyo, akiwa na umri wa miaka 65. Mwaka uliofuata hema la bendi mpya katika tamasha la Glastonbury lilipewa jina lake, na jina hilo likadumu hadi 2023 lilipobadilishwa. Jiwe la kaburi lake lina maneno kutoka Teenage Kicks na nembo ya klabu ya Liverpool, ambayo aliipenda kiasi cha kuwapa wanawe wanne majina ya kati kama Anfield, Shankly na Dalglish.

Mwanamuziki chipukizi wa leo, awe Manchester au Kisumu, hahitaji tena magunia ya posta. Kikundi cha Just A Band cha Nairobi kilionyesha mwaka wa 2010, kwa video ya Ha-He na shujaa wake Makmende, kwamba intaneti inaweza kuueneza wimbo bila idhini ya redio yoyote. Tofauti ni kwamba programu za simu humpendekezea msikilizaji kinachofanana na alichokwisha kukipenda. Peel alipiga benga, kisha kelele za gitaa, kisha sauti ya mzee wa kijijini, na msikilizaji akalazimika kukasirika au kushangaa. Wengi walikasirika kweli: alipoanza kupiga punk mwaka wa 1976, barua za lawama zilimiminika kutoka kwa waliompenda kwa miaka mingi.

Aliacha nyumbani santuri kubwa zaidi ya 25,000 na ndogo zipatazo 40,000. Miongoni mwake limo sanduku la mbao alimotenga santuri ndogo zaidi ya 140 alizozithamini mno. Wachache kati ya wasanii waliomo ni mashuhuri. Wengi hawakuvuma hata baada ya yeye kuwapiga, na sanduku hakuwatoa.