Omanyala na dawa ya mgongo

Betamethasoni si jina geni kwa muuza dawa wa Kibiti. Imo katika krimu wanazopaka wenye ukurutu, na ipo pia ya sindano kwa uvimbe wa viungo. Mvuvi wa Nyamisati akidungwa, ni siri yake na tabibu. Mkimbiaji wa mashindano akidungwa, anaweza kupoteza kazi.

Ndilo lililomfika Ferdinand Omanyala, Mkenya wa mita 100. Mwaka 2017, akisoma Chuo Kikuu cha Nairobi (kemia, ya Mungu mengi), vipimo vilimkuta na dawa hiyo. Alieleza kuwa alitibiwa maumivu ya mgongo. Akafungiwa miezi 14.

Kanuni za kimataifa hazianzi kwa kuuliza nia. Kilichokutwa mwilini ni dhamana ya mwanariadha mwenyewe. Uzembe na makusudi hupimwa baadaye, wakati wa kupanga urefu wa adhabu. Krimu ya ngozi inaruhusiwa, ila kidonge cha dawa hiyohiyo siku za mashindano ni marufuku, labda mgonjwa awe na kibali cha matibabu. Ni ukali, lakini bila huo kila anayenaswa angekuja na cheti cha daktari.

Kwa hiyo sina ugomvi na ile miezi 14. Ugomvi wangu ni wa kilichofuata. Machi 2021 Omanyala alikimbia sekunde 10.01 mjini Lagos, muda wa kutosha kabisa kwenda Olimpiki, na bado akaachwa nje ya kikosi cha kupokezana vijiti kilichokwenda Poland. Chama cha Riadha cha Kenya kilikuwa na msimamo wa kutomteua aliyewahi kufungiwa. Kenya ilikuwa imechafuka jina kwa kesi za dawa, na woga wa viongozi unaeleweka. Lakini msimamo ule ulimweka aliyetibiwa mgongo kapu moja na aliyejidunga ili damu ipate nguvu.

Hatimaye aliruhusiwa kwenda Tokyo, akafika nusu fainali. Mwenzake Mark Otieno alisimamishwa saa chache kabla ya kukimbia, kwa methasteroni, ambayo ni jamii nyingine kabisa: hiyo hujenga misuli.

Septemba 18, 2021, uwanjani Kasarani, Omanyala alikimbia 9.77, rekodi ya Afrika. Minong'ono ya 2017 ikafufuka papo hapo. Ila betamethasoni hutuliza uvimbe, na ikitumika muda mrefu hudhoofisha misuli. Haikai mwilini miaka minne. Anayeitilia shaka 9.77 anahitaji kipimo cha 2021.