Nyumba Ishukuruyo

Katika nyumba nyingi za Wakristo chakula hakiliwi kabla ya kuomba. Baba huvua kofia yake, mama humtuliza mtoto, na mkubwa mmoja husema maneno yale yale yaliyosemwa jana na juzi. Ni desturi njema, wala hatutaki iachwe. Lakini yatupasa kuuliza: mtoto aketiye pale, macho nusu yamefumbwa, akiutazama ugali usije ukapoa, ajifunza nini? Huenda ajifunza kushukuru. Huenda ajifunza kungoja tu.

Wazee wa pwani walikuwa na hadithi ya kima na papa. Papa alimchukua rafiki yake kima mgongoni, ampeleke kwao. Walipofika katikati ya bahari akamfunulia ya kuwa sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akafanya werevu, akamwambia ya kuwa kima wote wakitembea huiacha mioyo yao mtini, basi heri warudi wakautwae. Waliporudi, akaruka juu ya mti asishuke tena. Hadithi hii ni mojawapo ya zile alizosimuliwa Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu. Alizikusanya katika kitabu kilichopigwa chapa London mwaka 1870. Kima alisema vile kwa hila, apate kuokoka. Sisi twafanya kweli lile alilolisema yeye kwa uongo: twamwendea Mungu kwa midomo, na mioyo twaiacha mtini.

Shukrani siku ya msiba

Wako wasemao, Tutashukuru tukipata. Mvua ikikosa, au mtoto akifa, tushukuru nini? Swali hili halifai kudharauliwa, maana mara nyingi huulizwa na watu wenye machozi.

Martin Rinkart alikuwa mchungaji katika mji wa Eilenburg, huko Ujerumani. Alizaliwa mjini humo mwaka 1586, akarudi kuwatumikia watu wake mwaka 1617. Mwaka uliofuata vikaanza vita vilivyodumu miaka 30. Watu wa mashamba wakakimbilia ndani ya kuta za mji, wakasongamana, na mwaka 1637 tauni ikawaua wengi sana. Rinkart akabaki kuwazika, hata hesabu ya aliowazika ikapita 4,000. Mkewe naye akafa mwaka ule ule. Tauni ilipopungua, ikaja njaa.

Mtu huyo ndiye aliyetunga, katika miaka ile ya vita, wimbo wa kumshukuru Mungu ambao Wakristo wa nchi nyingi wauimba hata leo. Yasimuliwa ya kuwa kwanza ulikuwa sala ya mezani, watu wa nyumbani mwake waiseme walapo. Johann Crüger aliupiga chapa pamoja na sauti yake huko Berlin mwaka 1647, na vita havijakwisha bado.

Fahamuni jambo hili. Rinkart hakumshukuru Mungu kwa ajili ya tauni, wala hakuiita njaa shibe. Alimshukuru Mpaji, ambaye alimjua tangu kabla ya msiba. Kwa hiyo mzazi asimwambie mtoto aliyefiwa, Shukuru, usilie. Bwana wetu mwenyewe alilia alipokwenda kaburini kwa Lazaro, na pale pale akainua macho akamshukuru Baba. Chozi na shukrani vyaweza kukaa katika nyumba moja siku moja, wala kimoja hakimfukuzi mwenziwe.

Imani na kumbukumbu

Waisraeli walipovuka Yordani, Yoshua aliamuru mawe 12 yatwaliwe katikati ya mto, akayasimamisha Gilgali. Kazi ya mawe yale ilikuwa kumfanya mtoto aulize. Akiisha kuuliza, baba amweleze jinsi Mungu alivyowavusha. Hali kadhalika Timotheo: Mtume Paulo aliitambua imani yake ya kuwa ilikaa kwanza katika nyanya yake Loisi, na katika mama yake Eunike. Imani ilimfikia kijana yule nyumbani, kwa vinywa vya wanawake wawili.

Kila nyumba inayo mawe yake. Ule mwaka wa njaa ambao jirani aliwagawia kibaba cha mwisho. Lile deni lililosamehewa. Usiku ule mtoto alipokuwa na homa kali, na asubuhi akaomba uji. Mambo haya wazazi huyajua, lakini huyanyamazia, na watoto hukua wakidhani ya kuwa Mungu alitenda kazi katika nchi ya Wayahudi tu, zamani za kale. Wasimulieni. Tajeni majina na mahali, maana mtoto hukumbuka kibaba kile, naye hulisahau neno kubwa lisilo na umbo.

Jicho la moyo

Wako wazazi wenye bidii ya dini waliowakataza wakongwe kuwasimulia watoto hadithi, wakiziita upuuzi. Tusiwahukumu, maana waliogopa mambo ya ushirikina. Lakini tuangalie wasiing'oe mbegu pamoja na magugu. Nabii Nathani alipotumwa kumkemea Daudi, alianza na hadithi ya maskini mwenye mwana-kondoo mmoja. Mfalme akamwona yule maskini kwa jicho la moyo, akakasirika kwa ajili yake, na ndipo alipoweza kusikia ya kuwa mwenye kosa ni yeye. Bwana wetu naye alifundisha kwa habari za mpanzi, na chachu, na mwana aliyepotea.

Jicho hili ndilo liunganishalo shukrani na imani. Mwulize mtoto: chumvi hii imetoka wapi? Akiisha kuwaza bahari, na jua, na mtu aliyeikusanya akiungua miguu, atamwona mtu asiyekuwapo, naye atapata wa kumshukuru. Asiyeweza kumwaza mwingine hawezi kumwonea huruma mwenye njaa, wala hawezi kumshukuru aliyemlisha. Tena Mungu haonekani kwa macho ya mwili. Mtoto aliyezoea kutazama vilivyo mbele yake tu atashindwa kumtumaini.

Walakini jicho hili lataka kuongozwa. Mtoto aambiwe waziwazi: hii ni hadithi, na hii ni habari iliyotukia. Mtoto aliyedanganywa katika jambo moja huishuku Injili nayo. Wala hadithi za kutisha zisitumiwe kumlaza, maana hofu iliyopandwa usiku huota katika ndoto, na watu wazima wengi wangali wakivuna hofu waliyopandiwa wakiwa wadogo.

Mambo manne ya nyumbani

Kwanza, kabla ya kula, kila mmoja ataje jambo moja la siku ile, wala asilirudie la mwenziwe. Baba na aanze.

Pili, watoto wawasikie wazazi wakishukuriana. Baba anayemshukuru Mungu kwa chakula, asimwambie neno jema yule aliyevumilia moshi wa jikoni, awafundisha watoto nusu ya somo.

Tatu, jioni moja katika juma iwe ya hadithi. Babu au bibi asimulie, na watoto waulizwe, Wewe ungalifanya nini?

Nne, penye msiba, sala iwe ya kweli. Mtoto asikie baba akisema mbele ya Mungu, Bwana, tumeumia.

Nanyi walimu, msidhani kazi hii ni ya wazazi peke yao. Mtoto wa darasa la kwanza asimamaye kumshukuru mwenziwe aliyemwazima kalamu amejifunza somo lisiloandikwa ubaoni.

Wakoma 10 walitakaswa wote, na dua yao wote ilisikiwa. Aliyerudi ni mmoja, naye alikuwa Msamaria mgeni. Huenda wale tisa walikuwa na haraka ya kwenda kwa watu wao, wala hatuwezi kuwashangaa sana. Basi leo jioni, mkono usijaingia sahanini, tungojeeni kidogo, turudi.