Saitokini na Ugonjwa wa Castleman: Tezi Ndogo, Homa Kali

Katika ugonjwa wa Castleman, ukubwa wa tezi za limfu hausemi mgonjwa anaumwa kiasi gani. Mmoja huweza kuwa na tezi kubwa kama chungwa kifuani asihisi lolote. Mwingine ana tezi ndogondogo shingoni na kwapani, naye anaungua kwa homa, analowa jasho usiku, miguu imevimba na damu imepungua. Tofauti hiyo hutokana kwa sehemu kubwa na saitokini, yaani protini ndogo ambazo seli za kinga hutumia kupelekeana ujumbe.

Benjamin Castleman, mwanapatholojia wa Boston, Marekani, aliueleza ugonjwa huu katika miaka ya 1950. Alichokiona ni aina inayokaa katika eneo moja la tezi, ambayo kwa kawaida hupona kwa upasuaji. Aina inayoenea katika maeneo mengi ndiyo ya hatari. Mwaka 1989 watafiti wa Japani walionyesha kwamba tezi zenye ugonjwa huu hutoa kwa wingi saitokini iitwayo interlukini-6 (IL-6).

IL-6 si adui kwa asili yake. Mwili huitoa kila unapopambana na vijidudu. Tatizo huanza isipokoma. Ini hupokea ujumbe wake na kuongeza protini ya CRP, huku likipunguza albumini, na hapo uvimbe wa miguu hujitokeza. Ini hilohilo hutoa hepsidini, ambayo hufungia madini ya chuma ghalani. Ndiyo maana vidonge vya kuongeza damu havimsaidii sana mgonjwa huyu: chuma anacho, ila hakitoki.

Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Virusi vya HHV-8, vilivyogunduliwa mwaka 1994 na vinavyosababisha saratani ya Kaposi, vimeenea katika ukanda huu. Virusi hivi vina jeni ya kutengeneza IL-6 yao wenyewe, mfano wa mtu aliyeghushi muhuri wa ofisi: seli husoma ujumbe na kutii. Wanaoathirika zaidi ni watu wanaoishi na VVU, hata baadhi ya wale ambao dawa zimekwisha kuvidhibiti virusi vya UKIMWI.

Homa, kukonda na tezi: nani asingefikiri kifua kikuu? Ni haki kukifikiria, lakini si haki kuishia hapo. Maji yanayovutwa kwa sindano hayatoshi kuutambua ugonjwa huu. Tezi nzima itolewe, ichunguzwe kwa hadubini, na ipimwe alama ya HHV-8 iitwayo LANA-1. Ikiwezekana, prednisoloni isitangulie, kwani huweza kuficha saratani ya tezi.

Matibabu hufuata chanzo. Pasipo HHV-8, siltuksimabu hunasa IL-6 ya binadamu, na tosilizumabu huziba mlango wake kwenye seli. Hata hivyo si wote wanaopata nafuu, dalili kwamba saitokini nyingine nazo zina mkono wake. Penye HHV-8, siltuksimabu haiinasi IL-6 ya virusi. Hapo hutumika rituksimabu, inayoangamiza seli B ambamo virusi vimejificha, pamoja na dawa za VVU kwa anayeishi navyo. Mgonjwa mwenye madoa ya Kaposi afuatiliwe kwa karibu, kwa kuwa rituksimabu huweza kuyachochea. Naye anayetumia tosilizumabu akipata homa asirudishwe nyumbani kwa sababu tu CRP iko chini: dawa hiyo huishusha hata penye maambukizi.